Herufi Saba Kutoka Kilosa

Kilosa, 9 Februari 2025

Mdogo wangu Perpetua,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi ni wazima kwa kiasi chetu. Magdalena mke wangu anakusalimu sana, watoto nao wanauliza shangazi atakuja lini. Mvua imekuwa nzuri, mahindi ya kule Rudewa yamefika magotini. Ng'ombe wa jirani wameshayapitia mara moja, tukagombana, tukapatana. Treni ya umeme inapita kama kawaida na Baba bado anaitoa kasoro, ati haipigi honi ya kueleweka.

Naandika kwa kuwa simu yako hupokei. Hata ungepokea nisingeweza kusema kitu, maana Baba analala chumba cha pili na masikio yake kiharusi hakikuyagusa. Barua nampa Bonifas, kondakta wa basi la Mikumi. Ameniahidi ataifikisha mpaka pale loji unapofulia.

Jambo lenyewe ni hili. Baba ametoka hospitali. Mkono wa kushoto haufanyi kazi na mdomo umevutwa upande, lakini anaongea, polepole, na unamwelewa. Na habari yake ni moja tu, Loveth. Anauliza mbona mjukuu wake hajajibu herufi alizompa kabla ya Krismasi. Unaujua mchezo wao: babu anaandika herufi saba, mjukuu anatafuta maneno yote ya Kiingereza yanayopatikana humo, kila herufi itumike mara moja tu katika neno, kisha anayarudisha kwa barua. Ualimu haujamtoka mzee hata kitandani.

Wazee walivyoamua unakumbuka. Walikaa Rudewa kwa Baba Mkubwa Yared, wakasema mgonjwa wa presha asiambiwe msiba, asije akatufia na yeye. Tukamzika mtoto hapo Mikumi, babu yake yuko wodini hajui lolote. Mimi nimemwambia Loveth ameanza kidato cha kwanza, yuko bweni, mbali. Amefurahi. Sasa anataka maneno yake.

Naomba uyaandike wewe. Hata yakiwa machache. Nitamsomea mwenyewe, kwa kuwa macho yake hayashiki tena mwandiko, na hatajua kwamba mkono si ule.

Msalimie shemeji Gabrieli.

Kaka yako,
Timotheo

*

Mikumi, 23 Februari 2025

Kaka Timotheo, shikamoo.

Barua imefika. Bonifas aliikunja ndani ya kofia yake, imenifikia ina jasho lake. Hapa tupo. Gabrieli ameenda Iringa na gari la mbao, atarudi akijisikia. Tembo wamevunja uzio wa bustani ya loji. Wageni wamepiga picha, meneja nusura alie. Msimu huu wageni ni wachache, shuka za kufua ni chache, na muda wa kuwaza umekuwa mwingi mno.

Simu nimeifungia kabatini. Ndiyo iliyoniletea habari ya mwanangu nikiwa nimeshika pasi, na tangu siku hiyo ikilia natoka nje.

Unaniomba niwe Loveth. Sitaki. Kaka, hata kuniita Mama Loveth umeacha, barua nzima ni Perpetua, Perpetua, halafu unataka niandike kwa jina lake. Loveth amekufa. Nakuandikia hivyo kwa sababu hapa hakuna anayelisema. Gabrieli anasema "yule mtoto". Majirani wanasema "lile jambo". Wenye selimundu hawakai, ndivyo walivyonifariji, kana kwamba nilikuwa nimemkodi.

Mimi nataka Baba aambiwe. Wote waliokuja kunipa pole waliniambia nyamaza, mshukuru Mungu, jikaze. Baba peke yake ndiye asingeniambia ninyamaze, maana alimpenda kuliko sisi wote. Nataka nije nikae chini, miguuni pake, nilie mpaka nichoke, na yeye alie. Sina haja nyingine duniani. Wazee walikaa Rudewa wakala wali, wakaninyang'anya hicho.

Halafu Kiingereza chenyewe sikijui. Aliyefundishwa mchezo ule ni wewe, na ukawa unaukimbia, unajificha chooni. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni natamani, na hakunipa hata herufi moja. "Perpetua, kaangalie maharage." Andika wewe, msomi.

Wasalimie wote, na Baba umwambie namsalimu. Salamu tu.

Mdogo wako,
Perpetua

*

Kilosa, 5 Machi 2025

Mama Loveth, marahaba.

Umenichapa na nimechapika. Huku ni salama. Magdalena amepata kuku wa kufuga, wanalala chini ya meza ya Baba na Baba anawaita wanafunzi.

Niliandika mwenyewe kama ulivyosema. Nikakaa na zile herufi jioni nzima, nikaambulia maneno matano, nikamsomea kama yametoka kwa Loveth. Akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mtoto anaumwa?"

Nilitoka nje, Perpetua. Nilisimama uani mpaka nikaweza kurudi ndani.

Sasa anadhani labda mtoto amemkasirikia. Uji anausukuma, dawa anazifumba mkononi halafu nazikuta kwenye shuka. Daktari amesema apate utulivu. Sikwambii usiseme kamwe. Nakwambia bado. Akipata nguvu nitakuita mwenyewe, uje umwambie, mlie wote. Nakuahidi hilo kama kaka.

Herufi zenyewe ni A, D, E, H, R, S, T. Fanya unavyoweza.

Timotheo

*

Mikumi, 20 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Gabrieli amerudi, ana kikohozi. Mvua hapa imezidi, nguo hazikauki, tunazipiga pasi zikiwa na unyevu na chumba kizima kinanuka kama mbwa.

Nimeandika. Nimefanya kwa ajili ya dawa za Baba, si kwa ajili ya wazee wako. Nilichukua kamusi ya Loveth, na boksi la sabuni nikalikata vipande saba, kila kipande nikaandika herufi yake. Nikavipanga kwenye meza ya pasi. Mwanzoni nilikuwa naviangalia na vyenyewe vinaniangalia. Nikawa nasogeza tu, H hapa, T pale, nafungua kamusi kuona kama kipo kitu cha namna hiyo. HAT ikatoka. Nikabadilisha kidogo, HATE. Kisha nikagundua kwamba EAR ikikaa katikati unaweza kuiwekea herufi mbele na nyuma: HEAR, DEAR, TEAR, EARTH, HEART, HEARD. Baadaye zikaja zenyewe: READ, HARD, STAR, SEAT, SHADE, na THREAD, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi, uzi wa kushonea vifungo vya shati la mgeni.

Lipo neno moja nililoliona mapema kuliko yote. Lile la kifo. Herufi zake zote zimo humo. Sikuliandika na sitaliandika.

Msomee Baba. Mwambie Loveth anamsalimu. Nimeandika sentensi hiyo na mkono haukukatika, basi nitaweza mengine.

Perpetua

*

Kilosa, 2 Aprili 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Hapa tunamshukuru Mungu. Mahindi yametoa mbelewele. Magreti binti yangu ameota upya meno ya mbele na sasa anauma kila mtu.

Kama ungemwona Baba! Nimemsomea neno moja moja, na kwa kila moja anagonga ukingo wa kitanda kwa mkono mzima, kama alivyokuwa anagonga meza darasani. Kwenye THREAD alicheka. Mdomo ulikwenda upande mmoja, lakini kilikuwa kicheko. Akasema, "Hilo si neno la mtoto mvivu." Amekunywa uji wote. Dawa amemeza mbele yangu, akafungua mdomo nihakikishe.

Mwishoni akasema, "Ameacha moja, la wazi kabisa." Akajifuta mdomo. "Labda hakulipenda. Usimsahihishe."

Herufi mpya amezitaja mwenyewe, nikaandika: A, D, E, G, I, N, R. Anasema kuna neno linalozitumia zote saba, na mwambie Loveth asilale mpaka alipate. Najua alikolala. Nimeandika alivyosema.

Asante. Sijui niseme nini zaidi ya hiyo.

Timotheo

*

Mikumi, 14 Aprili 2025

Kaka, shikamoo.

Sisi wazima. Gabrieli kikohozi kimekwisha, maneno yake nayo yamekwisha, tunakaa mezani kama watu wanaosubiri basi.

Nimelipata la herufi zote saba. Ni READING. Nililikosa siku nyingi, nikapata kwanza GARDEN, RAIN, GRAIN, RING, RIDE, IDEA. DANGER nililiona nyuma ya lori la mafuta lililopaki barabarani, limeandikwa kwa rangi nyekundu, nikakimbia kuhesabu herufi na sabuni mkononi, utingo akadhani nina wazimu. READING lenyewe likanijia nikiwa nakunja mashuka. Nilipiga kelele. Wenzangu wakaja mbio wakidhani nimeungua.

Halafu nikakaa chini nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka kumwambia ni Loveth.

Nikuambie ukweli. Siku ninayotafuta maneno ndiyo siku ninayokula. Siku nyingine naamka kwa kuwa kumekucha tu. Pale aliposema "si neno la mtoto mvivu" nilipasoma mara nyingi. Naona vibaya kusema hivyo, lakini nimesema.

Pasaka njema. Nasubiri herufi.

Perpetua

*

Mikumi, 25 Mei 2025

Kaka, shikamoo.

Pasaka imepita, Bonifas kila wiki ananiambia hana kitu. Hapa wote wazima. Baba anaendeleaje? Herufi mbona hazijaja? Kama maneno yangu yalikuwa na makosa nirudishie niyasahihishe. Nilifungua kabati nikaishika simu, nikashindwa kuiwasha. Andika hata mstari mmoja.

Perpetua

*

Kilosa, 12 Juni 2025

Mdogo wangu, marahaba, na unisamehe.

Mvua za Pasaka ziliharibu njia, Magdalena akaugua malaria, mimi nikawa shambani. Mambo yaliingiliana. Tumevuna, si haba.

Baba yupo. Maneno yako alisomewa yote. Amelisifu sana READING, anasema watu wengi hulipita. Anasema Loveth ana akili kuliko watoto wote aliowazaa, na hapo mimi ndiye niliyekaa karibu, kwa hiyo ujumbe umenifikia.

Herufi: E, H, M, O, R, S, T.

Kwaheri kwa leo, kazi ni nyingi.

Timotheo

*

Mikumi, 29 Juni 2025

Kaka yangu mpenzi, shikamoo.

Leo nina habari za kufurahisha kidogo. Wageni wamejaa, mashuka mpaka dirishani, na meneja amenipa msaidizi, Tumwagile, msichana wa Mbeya anayeimba kwaya huku anasuuza. Gabrieli ameniletea kitenge kutoka Iringa. Hakusema kitu, alikiweka tu kitandani.

Herufi za safari hii zilikuwa rahisi! Nilipata MOTHER pasi haijapata moto, nikaongeza S likala zote saba. Kisha HOME, STORM, HORSE, OTHER, SHORT, STORE, MORE. Baba amechoka kututega? Loveth alikuwa anazunguka na herufi zake wiki nzima na penseli nyuma ya sikio. Au ameanza kunihurumia?

Umeona nilivyoandika. Kunihurumia mimi. Kaka, ndivyo ninavyojisikia, ananisifu mimi. Jina analotamka ni la Loveth lakini kichwa kilichotafuta ni changu, na nimezingoja sifa hizo tangu nikiwa na sketi ya shule. Nafurahi, halafu nakumbuka ninafurahia juu ya kaburi la nani.

Nataka kuja Nane Nane, loji wananipa likizo. Umesema akipata nguvu utaniita, na kwa unavyoandika naona amepata. Nitamwambia taratibu kwamba Loveth hayupo. Tutalia. Na baadaye, siku nyingine, nitamwambia na hili dogo, kwamba maneno yalikuwa ya Perpetua.

Mwanao, yaani mdogo wako, unaona nilivyochanganyikiwa,
Perpetua

*

Kilosa, 20 Julai 2025

Mdogo wangu, marahaba.

Hapa ni baridi, watu wote wana mafua. Bei ya mahindi imeshuka. Mtoto wa Baba Mkubwa Yared anaoa Septemba, michango imeanza.

Usije kwanza, Perpetua. Nane Nane si wakati mzuri. Nyumba inajaa wageni wa maonyesho, na Baba hapendi kelele. Ngoja mpaka baada ya harusi. Nitakuita, nimesema nitakuita.

Maneno yako ameyapenda. Na nikuambie jambo. Juzi alikuwa amekaa kimya, mara akasema bila kuulizwa, "Perpetua naye alikuwa na kichwa. Nilimwacha jikoni. Nilikosea." Nimeona niliandike kama alivyolisema.

Herufi: A, E, L, N, P, S, T.

Timotheo

*

Mikumi, 11 Agosti 2025

Timotheo,

Shikamoo leo sikupi. Ukitaka salamu, waulize kuku.

Nilikuja. Baada ya maneno yale ungetaka nikae Mikumi nifue? Nilipanda gari la alfajiri kupitia kijiji cha Ulaya, nimevaa kile kitenge, nimebeba machungwa ya Baba. Wewe ulikuwa Rudewa shambani. Wageni wa maonyesho sikuwaona hata mmoja. Magdalena alinipokea, akalia, akasema, "Wifi, afadhali umekuja, maana tangu Pasaka hajatoa hata neno moja."

Nikamwambia, unasemaje?

Tangu Pasaka, akasema. Kiharusi kilimpiga tena Ijumaa Kuu. Haongei, hajigeuzi, hatujui kama anatutambua.

Basi nikasimama mlangoni pale pale nilipokuwa nasimama zamani. Baba amelala ubavu, amekuwa mdogo, Magdalena amemwekea mto mgongoni asianguke. Nikapiga hesabu. Barua yangu ya READING ilifika ameshanyamaza. Yote yaliyokuja baada ya hapo ni yako. Herufi ni zako, ndiyo maana zilikuwa rahisi. Sifa ni zako.

Na ile ya jikoni, Timotheo. Uliitunga umekaa wapi? Nimeisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Niliwasomea wenzangu pale tunapofulia. Tumwagile alipiga vigelegele. Miaka yote hii nimeishi bila maneno yale na nilikuwa nimeshazoea. Ungeniacha na mazoea yangu.

Mlimficha Baba msiba wangu, mkanificha mimi ugonjwa wa Baba, na yote mkayaita huruma. Mna huruma ya ajabu nyinyi, kila mtu mnamfungia chumba chake.

Nilimwambia. Hilo ulijue. Magdalena alitoka, nikakaa chini, nikaweka kichwa kwenye kitanda karibu na magoti yake. Nikasema, Baba, Loveth amefariki. Tulimzika Januari, wewe ukiwa hospitali. Aliyekuwa anakuandikia ni mimi, Perpetua. Nikasubiri. Alikuwa anaangalia ukuta. Nikalia, kwa sauti, vile nilivyotaka tangu Januari, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Hakuna aliyelia na mimi pia. Nilipochoka nilimfunika miguu, nikapanda gari la mchana.

Nilichokuwa nasubiri hakipo tena. Nilichelewa, na mlionichelewesha ni nyinyi. Usiniandikie herufi yoyote.

Perpetua

*

Kilosa, 30 Agosti 2025

Perpetua,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Hapa wote wazima isipokuwa huyo unayemjua.

Sitajitetea sana. Barua yako ya Aprili ilinifikia jioni ya siku tuliyomrudisha Baba kutoka hospitali mara ya pili. Nilimsomea maneno yako yote, mpaka READING. Hakugonga kitanda. Nikabaki nimeshika karatasi, na chini umeandika kwamba siku ya maneno ndiyo siku unayokula. Sasa ningekuandikia nini? Kwamba hata hiyo imekwisha? Nilimzika mpwa wangu, nikamwona baba yangu anakuwa gogo, nikaogopa simu nyingine itapigwa kutoka Mikumi. Nilichoka kuzika. Nikakata boksi kama wewe, nikakaa napanga herufi, mimi niliyekuwa nakimbilia chooni. MOTHER niliiweka makusudi ili usiikose.

Ile ya jikoni ni yangu, ndiyo. Ilistahili kusemwa na mwenye kuisema alikuwa hawezi tena. Nilidhani naweza kumsaidia. Sikujua kwamba namwibia, na wewe nakuibia zaidi.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike.

Niliporudi kutoka Rudewa ile jioni, Magdalena alinieleza kwamba umekuja na umeondoka. Nikaingia kumgeuza Baba kama ninavyofanya kila jioni. Mto ulikuwa umelowa. Nikadhani ni mate, maana huwa yanamtoka. Yalikuwa machozi. Nilimfuta kwa kanga, nikamgeuza, yakatoka tena. Asubuhi hivyo hivyo. Uji hataki, anafumba meno. Tangu siku ile mpaka leo ninapoandika hayajakatika sawasawa. Yanapungua, halafu Magreti akipita anaimba chumbani, yanaanza upya. Sauti hakuna. Uso hausogei. Ni maji tu, yanashuka upande wa jicho linalofunga vibaya na upande wa jicho zima pia.

Nesi amekuja, amesema macho ya mtu wa kiharusi hutoa maji yenyewe, nisiyape maana. Inawezekana. Lakini mimi ndiye ninayemwogesha tangu Ijumaa Kuu, Perpetua, na sikuwahi kumfuta chozi hata moja kabla hujaja.

Alikusikia. Hivyo ndivyo ninavyoamini. Alikusikia mpaka mwisho na hakuwa na namna ya kukujibu, nawe ukamfunika miguu ukaondoka.

Najua barua ya namna hii, kutoka kwangu, inafanana na zile nyingine. Ndiyo adhabu yangu. Nimelitumia jina la Baba mpaka limechakaa, na leo nina habari yake ya kweli na sina kinywa cha kuisema. Ungekuwa unapokea simu ningemweka Magdalena akuambie. Siwezi kukulazimisha uniamini. Baba Mkubwa Yared nimemweleza yote, nikamwambia na kwamba uamuzi ule wa Rudewa ulikuwa mbaya. Amenyanyuka akaondoka bila kuaga.

Yeye analia peke yake, na wewe huko unalia peke yako. Mimi hapa namfuta tu.

Timotheo

*

Mikumi, 4 Septemba 2025

Kaka,

Nakuja na gari la kesho alfajiri, barua hii Bonifas atakuwa nayo kwenye basi hilo hilo, labda nitaitangulia.

Usimfute. Nikute yanatoka.

Mama Loveth